Springi Iliyochoshwa na Wageni

Jambo lote lilinigharimu dola mia moja na kumi na saba. Nimehesabu mara mbili. Bunduki ya upepo iliyotumika, sabini (muuzaji alianzia mia na ishirini, tukasumbuana mpaka akachoka). Risasi makopo mawili, kumi na sita. Mbao na mifuko ya mchanga ya kuzuia risasi nyuma ya banda, thelathini na moja. Kuku sikuwaweka kwenye hesabu, maana hao ndio niliokuwa nawapigania.

Walikuwa sita, nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Stafford, ughaibuni. Panya walikuwa wakija jioni kula chakula chao, na mwenye nyumba alinipa hadi mwisho wa mwezi: panya waondoke au kuku waondoke. Sumu haikufaa, kuku hudonoa kila kitu. Mtego ulinasa kuku kabla ya panya. Nikapigia ofisi ya mji kuuliza kama bunduki ya upepo inaruhusiwa uani, na kesho yake nikapiga tena nione kama mtu mwingine atanijibu vivyo hivyo. Alinijibu vivyo hivyo: inaruhusiwa.

Bunduki ilikuwa ya springi. Unaukunja mtutu kuelekea chini, springi inabanwa ndani, unatia risasi, unafyatua. Wiki ya kwanza nilipata panya wanne.

Kisha ikaja Jumamosi. Nilikuwa nimeshaivuta, springi imebanwa, bado sijatia risasi, akina mama wa kikundi changu cha maombi wakapiga simu kutoka Alief, mtaa wa jirani: "Tunapita tu, hata hatuketi." Kufyatua bila risasi huiharibu bunduki, kwa hiyo nikaifungia stoo hivyo hivyo ikiwa imevutwa. Waliketi. Wakanywa chai, wakala chapati, wakaomba, wakaaga, kisha wakasimama mlangoni wakaanza mazungumzo yenyewe. Jumla, muda wa saa nne nzima. Jumamosi mbili zilizofuata, hivyo hivyo.

Baada ya hapo risasi zikaanza kuanguka shubiri nzima chini ya shabaha. Panya mmoja aliitazama yake ikipiga mchanga, akaendelea kula. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Jirani yangu, Mkongomani wa Bukavu anayefanya kazi ghalani, alinisikia nikinung'unika akaja uani.

"Dada, unaiachaka ikiwa imevutwa?"

"Wageni wakija, ndiyo."

"Bageni ba saa ngapi?"

"Nne."

Akacheka mpaka akashika ua. "Basi ressort imechoka. Ile springi yako, ukiibana siku yote, hairudi tena vile ilikuwa. Yangu iko na gaz. Bageni bakuye, bakule, balale, yenyewe iko tu."

Akaniletea yake. Badala ya springi, ndani kuna silinda ya gesi iliyobanwa. Kuivuta ni kazi tangu mwanzo, wakati ya springi inakudanganya na kuwa nzito mwishoni. Lakini yangu ilikuwa ikilia kama kitanda cha chuma na kuku wakiruka. Yake inapiga kishindo kimoja kifupi, basi. Kwa siku tisa nilipata panya kumi na mmoja. Mwenye nyumba alipokuja alitafuta kinyesi chao kila kona, hakukiona, akaondoka na trei ya mayai. Kuku wangu wako hapa hapa.

Nilipomrudishia jirani bunduki, alikuwa ameshaifungua yangu na kutia springi mpya.

"Bakisha hiyo," akasema. "Mimi nabakia na hii."

"Kaka, yako ni ya bei. Niongeze ngapi?"

"Hapana, ni mimi nimekuibia. Hii ikiharibika naitengeneza na mikono. Ile gaz ikivuja, utanunua silinda nzima."

Nimezoea kupunguziwa bei nikilia, si kupewa nikikataa. Nilimsukumia noti, akazirudisha mfukoni mwangu na kunibebesha sombe, mboga yao ya majani ya muhogo. Kila Jumamosi, wageni wakiwa sebuleni nami nikimimina chai bila wasiwasi, namshukuru moyoni, kisha napiga hesabu upya.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mliokaa na bunduki za aina zote mbili: silinda ya gesi hudumu miaka mingapi kabla ya kuvuja? Niambieni ukweli, nijue nimlipe jirani kuku wawili au watatu.