Mlango Wangu Sikuukwangua

Nilisikia kwanza. Krr, krr, krr. Chuma juu ya bati, halafu kimya, halafu tena. Nilikuwa bado kitandani, macho nimeyafumba, na kati yangu na ile sauti kulikuwa na ukuta wa bati moja lenye matundu ya misumari. Januari ile ya 2008, mtu akisikia kitu nje alijiuliza kwanza ni nani, ndipo ajiulize ni nini.

Alikuwa jirani yangu, Mama Mutheu. Alikuwa anakwangua mlango wake kwa kisu cha kukatia sukuma wiki.

Kilichoandikwa pale mlangoni nilikuwa nimekiandika mimi. Nakuambia mapema ili usije ukanihurumia katikati, halafu ukajilaumu.

Mwaka wa 2007 nilipata kazi katika taasisi moja ya utafiti ya chuo kikuu. Ilikuwa taasisi ya kuunganisha fani. Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo naliona zuri: mtaalamu wa maji, wa afya, wa jamii, wa majengo na wa lugha wakae meza moja, wachunguze mtaa mmoja kwa pamoja, badala ya kila mmoja kuandika kitabu ambacho mwenzake hatakisoma. Meza yenyewe ilikuwepo. Ilikuwa ndefu sana. Kila mtaalamu alikuwa na upande wake, na thamosi yake.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa mpangaji Mashimoni, Kibera, na milango ya huko ingenifungukia. Nyumbani kwetu ni upande wa ziwa. Mama Mutheu ametoka Kitui. Alikuwa na kibanda cha maji pale njiani, na ndiye aliyewaambia watu wanijibu. Bila yeye ningerudi ofisini na fomu tupu. Alikuwa ananiita Daktari, ingawa digrii yangu ilikuwa moja na ndogo.

Shida ilikuwa kwamba kila fani ilitaka kubisha hodi kivyake. Watu wakachoka.

"Jana alikuja wa choo," Mama Mutheu aliniambia, "leo wa kikohozi. Kesho mtamtuma nani, Daktari? Wa ndoto?"

Basi taasisi ikaamua kila mlango uandikwe tarakimu tano, moja kwa kila fani. Ya kwanza, maji yako mbali kiasi gani. Ya pili, wangapi wanakohoa. Ya tatu, wangapi wanalala humo. Ya nne, ukuta ni wa nini. Ya tano, lugha inayozungumzwa nyumbani. Mtaalamu yeyote angesoma mlango na kwenda zake bila kumsumbua mtu. Iwe ni chaki ama rangi, hilo lilijadiliwa wiki mbili. Mtaalamu wa maji akasema chaki itafutwa na mvua. Ikawa mara ya kwanza wote watano kukubaliana. Rangi ya mafuta.

Profesa aliyetuongoza alitoa sharti moja. "Ya tano isiandikwe mlangoni. Ikae kwenye daftari, na daftari likae kabatini."

Nililitii sharti hilo siku tisa!

Siku ya kumi mtaalamu wa lugha alinirudisha mtaani mara tatu, kuuliza tena nilichokwisha kuuliza, kwa kuwa daftari lilikuwa kabatini, ufunguo ulikuwa na sekretari, na sekretari alikuwa matangani kwao. Nikajiambia: hapa Mashimoni kila mtu anajua jirani yake anagombeza watoto kwa lugha gani. Siri iko wapi? Nikachovya brashi. Kwa Mama Mutheu nikaandika tano, namba ya lugha ya Kitui. Kwangu nikaandika tatu, ya lugha ya upande wa ziwa. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Sikuishia hapo, ole wangu. Mradi ulisema lazima jamii ielewe utafiti wake. Nikachukua karatasi ya manila, nikachora chati yenye maana ya kila tarakimu, na chini kabisa orodha ya lugha na namba zake. Nikaibandika mahali ambapo kila mtu hupita. Kwenye kibanda cha Mama Mutheu.

Aliipenda ile chati kuliko mtu yeyote wa taasisi. Aliijua kwa kichwa. Wateja wakipanga mitungi, anawasomea milango yao.

"Aki wewe," alimwambia fundi mmoja wa viatu, "mlango wako unasema mnalala saba. Na unanunua mtungi mmoja? Mnaoga kwa zamu ama kwa imani?"

"Mama Mutheu, wacha maneno. Wako unasemaje?"

"Wangu unasema maji ni karibu, nakohoa, na nimetoka Kitui. Uongo uko wapi?"

Watu walicheka. Mimi nilisimama kando na brashi yangu, nikaona utafiti umeielewesha jamii.

Desemba watu wakapiga kura. Yaliyofuata unayajua, na kama huyajui waulize waliokuwako, watakuambia wakiwa tayari. Nitasema la kwetu tu. Siku za mwanzo walitafutwa watu wa namba nyingine, na wale wa namba tano waliambiwa wao hawana neno. Kisha mwanasiasa wa upande wao akapewa kiti katika serikali iliyokuwa inapingwa mtaani kwetu. Ilikuwa kwenye redio, saa ya habari. Kufikia jioni, tano ilikuwa na maana nyingine. Chati haikuguswa na mtu.

Taasisi ilikutana mara moja katika wiki hizo. Ajenda ilikuwa kama ghasia ni mada ya afya ama ya jamii. Mtaalamu wa majengo akasema ni ya majengo, kwa kuwa ndiyo yanayoungua.

Basi asubuhi ile nikatoka, nikamkuta Mama Mutheu amepiga magoti mbele ya mlango. Vumbi la rangi lilikuwa limemjaa kwenye leso.

"Unafanya nini?"

"Nafuta masomo yako, Daktari." Hakugeuka. "Jana jioni walikuja vijana sijawahi kuona hapa. Hawakununua maji. Walisimama wanasoma chati, halafu wakaibandua wakaenda nayo."

Hilo ndilo ambalo sikulipigia hesabu hata siku moja. Jirani hahitaji chati. Chati inamsaidia mgeni.

Ploti yetu, vyumba vya kupanga vya ua mmoja, ilikuwa na milango minane. Wawili wengine wa namba tano walikuwa wameshakwangua. Jua lilipochomoza niliona kitu ambacho Mama Mutheu naye alikuwa amekiona. Penye rangi palipokwanguliwa, bati liling'aa. Milango mitatu ilikuwa inameremeta kama vioo na mitano ilikuwa na namba safi, kwa mwandiko wangu mzuri. Darasani tulifundishwa kwamba mtu akikataa kujibu swali, hilo nalo ni jibu, uliandike.

Akasimama, akaninyooshea kisu kwa upande wa mpini.

"Kwangua wako pia," akasema. "Wakiona wako umekwanguliwa, na hao wengine watakubali, wewe wanakusikiza. Tukwangue yote minane. Ifanane tu."

Kisu kilikuwa pale, katikati yetu. Kazi ya dakika tano!

Nikasema, "Wacha niulize ofisi."

Kredo ya simu ilikuwa imeadimika Nairobi nzima wiki hiyo. Watu walishindwa kuwapigia mama zao. Mimi nilikuwa na ya shilingi ishirini, nikaitumia kuomba ruhusa ya kukwangua mlango. Nilijificha nyuma ya choo nikampigia mratibu wa mradi. Alikuwa mtu wa adabu, na alikuwa anakunywa kitu, nilisikia kikombe.

"Namba? Kwangueni jamani," akasema. "Hata hukuhitaji kuniuliza. Wewe ndiye uko huko."

Nilikaa kidogo nyuma ya choo. Niliufikiria mlango wangu na ile tatu yake. Wiki hiyo tatu ilikuwa namba nzuri kuwa nayo Mashimoni. Ilikuwa imesimama mlangoni pangu kama askari, bila kula, bila kulala. Nikikwangua, nitakuwa mtu wa bati linalong'aa. Nitaulizwa.

Nikarudi.

"Ofisi imesemaje?" Mama Mutheu akauliza.

"Imekataa," nikasema. "Namba ni mali ya mradi mpaka awamu ya pili iishe."

Aliniangalia. Sijui aliona nini. Akapangusa kisu kwa leso, mara mbili, pande zote.

"Haya," akasema. "Ofisi ni ofisi." Akaenda kufungua kibanda, kwa sababu watu bado walikuwa wanakunywa maji.

Vijana wale walikuja saa nane mchana. Nilikuwa ndani, nimekaa chini, mgongo kwenye mlango. Nilisikia karatasi ya manila ikikunjuliwa. Naijua sauti yake, nimekunjua nyingi.

"Hii soma namba ya mwisho."

"Tatu."

"Tatu ni watu wetu. Pita."

Mkono ukagonga bati mara mbili juu ya kichwa changu, kirafiki, kama unavyogonga ubavu wa gari liende. Nikafurahi. Nalisema hili kwa sababu sitaki unihurumie. Nilifurahi!

"Na hii? Imekwaruzwa."

"Aah, mtu anakwaruza ya nini, kama hana noma?"

Kisha teke. Kisha vitu vya Mama Mutheu vikitoka kimoja kimoja, na mimi navitambua kwa sauti: sufuria, kitanda, cherehani yake ya mkono, ile aliyomnunulia bintiye akamaliza nayo shule ya ushonaji. Mwisho wakapanda juu, wakang'oa mabati ya paa. Kibanda cha maji walikipitia wakiondoka. Kiliungua pamoja na gundi ya chati yangu ukutani.

Yeye hawakumpata. Mwanamke mmoja alikuwa amemvuta ndani ya kanisa la mabati, akamfunika kwa viti. Alirudi jioni, akasimama uani akitazama. Milango mitatu ilikuwa chini. Mitano ilikuwa wima na namba zake. Akanitazama mimi, akautazama mlango wangu, akakusanya leso na kikombe kimoja kilichobaki. Akaenda kwa dada yake Kawangware, kwa miguu.

Ripoti ilitoka. Ilisifiwa kwa kuunganisha fani. Kuhusu ploti yetu ilikuwa na sentensi moja, kwamba takwimu za nyumba tatu hazikupatikana kutokana na kukwanguliwa kwa alama. Jina langu liko kwenye ukurasa wa shukrani, herufi zote sawasawa.

Kwangu niliuacha mlango hivyo mpaka nilipohama. Baada ya hapo nimejaribu kazi nyingine za kubisha hodi na zimenishinda. Nainua mkono, halafu nasikia mtu akinigongea bati juu ya kichwa.

Machi ya mwaka ule, wakubwa wa siasa walipokuwa wameshapeana mikono, taasisi ilinituma Kawangware kuwatafuta waliohama, na fomu mpya. Niliikubali ile safari kwa ajili ya mtu mmoja. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anasuka kiondo, katika chumba cha dada yake. Mlango wake ulikuwa mtupu. Kawangware ilikuwa awamu ya pili, na rangi ilikuwa imeisha.

"Karibu, Daktari," akasema. Alinipa chai. Akajibu kila swali kwa upole, maji, kikohozi, wanaolala, ukuta. Nilipofika la tano nikaiweka kalamu chini.

"Uliza," akasema. "Si ni kazi?"

"Lugha ya nyumbani."

"Andika ile unajua."

Niliandika tano. Mwandiko haukuwa mzuri tena. Halafu nikasema, bila kuinua macho, "Mama Mutheu, ofisi haikukataa. Waliniambia tukwangue. Ni mimi."

Wewe unayesoma, najua ungependa nikuambie alilia, ama alinisamehe, ama alinitukana na nikapumua. Mimi pia nilingojea. Kwa hiyo chukua onyo langu mahali pa hayo. Ukipewa kazi ya kuwaandika watu, ukaambiwa jambo fulani likae kabatini, liache kabatini, hata kama ufunguo uko matangani. Na jirani akikunyooshea kisu kwa upande wa mpini, jamani, kipokee! Usiende kuuliza ofisi. Ofisi itasema ndiyo, na bado utarudi na uongo.

Mama Mutheu alimaliza mstari mmoja wa kiondo. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Fomu imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Chai umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Haya."

Akainuka, akanifungulia, akasimama kando nipite kama anavyopitishwa mgeni yeyote. Nilitoka na fomu yangu kifuani. Nyuma yangu alivuta mlango polepole, bati likagusa ubao, kisha nikasikia komeo likiingia.