Kitambaa cha Klavye

Mengine ya miaka ile ya ujana wangu wameyaandika watu wenye elimu. Mimi naandika habari ya Ijumaa moja tu, siku ambayo ushanga mdogo ulitaka kunipokonya kazi niliyokuwa hata sijaipata.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa mtaa wa Nyamirambo kwa mama yangu, fundi cherehani. Shule niliiachia katikati, lakini nilikuwa nimejifunza kupiga mashine ya kuchapa miezi sita katika shule ya uchapaji, na ofisi moja ya mjini iliyouza mabati na sementi ilikubali kunijaribu wiki mbili. Ijumaa ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Jioni patroni, mwenye ofisi, angeniambia nibaki au niende. Mimi nilishaota yote: viatu vya kisigino, mkoba wa mkononi, hata sauti ya kuitikia simu. Sauti hiyo niliifanyia mazoezi bafuni mpaka mama akauliza nani anaumwa.

Ofisini kulikuwa na kompyuta moja, nami niliipenda kama mtoto mchanga. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, hata chupa ya chai ina chake. Sasa kuiona kompyuta nzima imeachwa ipigwe na vumbi jekundu la barabarani kuliniuma kabisa. Nikafuma kitambaa cheupe cha kufunika klavye, kile kibao chake cha herufi, na ukingoni nikashona shanga za bluu ili kisipeperuke. Alhamisi jioni nikakitandika.

Patroni alikitazama kwa muda. "Sasa iko kama meza ya harusi," akasema. Nikachukua kuwa ni sifa.

Kesho yake asubuhi akakiondoa kitambaa, akaketi, akawasha. Kompyuta ile ilikuwa na desturi ya kuuliza jina kwanza, halafu neno la siri. Jina lilitokea kwenye kioo vizuri, herufi kwa herufi. Neno la siri lilitoka nyotanyota, kama kawaida, ili mtu wa nyuma asisome. Akabonyeza. Ikamkataa. Akarudia, ikamkataa. Ya tatu ikamkataa tena na kunyamaza, mpaka akaizima na kuiwasha upya.

"Nimesahau neno langu mwenyewe?" akajiuliza. "Hapana. Hilo siwezi kusahau."

Bei zote za mabati zilikuwa mle ndani, na simu ilikuwa inalia. Alikuwa mtu mpole, alikulia Burundi, lakini upole ulianza kumtoka pamoja na jasho. Ndipo akamgeukia mama aliyesafisha ofisi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kupangusia.

"Mama, jana ulipitisha maji hapa?"

"Patroni, mimi hiyo kitu naiogopa kama nyoka. Napangusa meza, pale nafika, narudi."

"Maji yameingia. Nitamwita fundi, na akikuta maji, mama, tutaongea mimi na wewe."

Yule mama alikikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena. Kila asubuhi alikuwa ananiachia nusu ya kiazi chake kitamu, akisema msichana mwembamba hawezi kupiga mashine. Sikuweza kumtazama.

Nikasema, "Patroni, jina linaandikika. Kama ni maji, si jina nalo lingekataa?"

"Sasa wewe unajua ordinateri?" akauliza; kompyuta aliiita hivyo.

"Sijui. Najua mashine ya kuchapa. Herufi moja ikikwama, zingine zinacheka tu, zinaendelea. Pengine iliyokwama haimo kwenye jina, imo kwenye siri. Na kwenye siri hatuioni."

Akanitazama, halafu akainuka kwenye kiti. Nikakaa. Vidole vilifurahi. Pale panapoulizwa jina, ambapo kila kitu kinaonekana, nikapiga zoezi la siku ya kwanza shuleni, mstari wa juu wote, kuanzia kidole kidogo cha kushoto. Herufi zote zikatokea. Nikashuka mstari wa kati, q, s, d, f, maana klavye ilikuwa ya Kifaransa, naenda kama mtu anayeteremka ngazi mbiombio, mpaka mwisho kabisa, kwenye M. Kidole kikagonga kitu kigumu. Kwenye kioo, M hakuna.

"Ni hii," nikasema.

"Basi umeshajua herufi moja ya siri yangu," patroni akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka.

Shuleni mashine ikila uchafu tulikuwa tunaipindua na kuipigapiga mgongo. Nikaipindua klavye, nikaipiga polepole kama anayempigapiga mtoto mgongo acheue. Kitu kikadondoka mezani, kikabingirika, kikasimama mbele ya patroni.

Kilikuwa cha bluu.

Ningeweza kukifunika kwa kiganja. Kweli nililiwaza hilo, nisidanganye. Lakini yule mama alikuwa bado amesimama na kitambaa chake.

"Hakuna maji," nikasema. "Ni ushanga wangu. Uzi wa ukingoni ulilegea. Mama hana kosa, kosa ni langu."

Patroni akauokota, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha. Akaandika neno lake, kompyuta ikafunguka, bei za mabati zikajaa kioo kizima. Akashika simu, akazisoma zote bila haraka, nami nimekaa pale nahesabu viatu vyangu vya kisigino vikiondoka kimoja kimoja.

Alipokata simu akamwambia yule mama, "Mama, unisamehe. Nilisema haraka."

"Imeisha, patroni."

Kisha mimi. "Jioni ni mbali, nikwambie sasa. Jumatatu njoo saa mbili kamili. Shanga zako uvae shingoni."

Nilitaka kuitikia kwa ile sauti ya simu. Ikatoka sauti ya mbuzi. Wakacheka wote wawili, nami nikacheka mpaka nikashika meza.

Yule mama alikuwa ameshakiokota kitambaa changu, anakipimapima kwa mikono. "Hiki mnipe mimi," akasema. "Redio yangu haina herufi."