Nilimwita Ndugu Yangu Jirani

Nimekosa, na kosa langu sina wa kumsingizia. Nilimkana marehemu kwa ajili ya mpira! Wewe unayesoma, nisikilize kama tumekaa wawili tu, maana hata mke wangu hajui.

Nilikuwa na rafiki wa kwetu Nyaishozi, jina lake Rwiza. Vibanja vyetu, yaani mashamba ya migomba na kahawa, vilipakana. Siku za kuvuna kahawa tulikuwa tunasimama mbali na tenga na kurusha buni moja moja. Mimi nakosa, yeye hakosi. "Usitazame mkono, tazama tenga," aliniambia. Mama yake alitugombeza kwa kumwaga kahawa, halafu anacheka mwenyewe.

Tulipokuwa vijana tulichanjiana, kile kiapo tunachokiita omukago. Tulipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akaipaka mbegu yake damu ya chale ya tumboni mwake, tukabadilishana, tukameza. Tangu hapo Rwiza alikuwa ndugu yangu kuliko wa tumbo moja. Ndugu wa namna hiyo akifa, wewe ndiye wa kutupa udongo wa kwanza, na kaburi linakungoja. Lakini mapadre walikikataza kiapo hicho, kwa hiyo tulikula kiapo chetu kimya kimya. Walijua mama yake na mjomba wake tu.

Nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu cha misheni. Rwiza alikuwa amefiwa na baba, akabaki na kibanja. Siku ya kuondoka alinibebea sanduku mpaka barabarani, akataniana nami njia nzima.

Chuoni Padre mmoja alisimamisha nguzo mbili, akatufundisha mpira wa kikapu. Wenzangu walihangaika, mimi nikawa natumbukiza tu! Kila nikirusha namsikia Rwiza: tazama tenga. Nikafanywa nahodha.

Ijumaa moja asubuhi, kesho yake tukiwa na mechi na chuo kingine, nikaitwa ofisini kwa Padre. Nikamkuta mjomba wa Rwiza amesimama, kofia mkononi, suruali imejaa vumbi la baiskeli. Nikajua.

"Rwiza ametutoka," alisema. "Homa ya siku tatu. Twende, mwanangu. Tunazika kesho."

Padre akanitazama kwa huruma. "Pole sana. Marehemu ni nani wako?"

Ewe mwenzangu! Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alifukuzwa kwa mambo ya matambiko. Nikaogopa. Lakini nisijitetee, hofu ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa mechi. Ningeweza kusema "ndugu yangu" na kunyamaza, na Padre asingeuliza zaidi.

Nikasema, "Ni jirani tu, Padre."

Mjomba alivaa kofia yake, akaaga kwa adabu, akatoka kuipanda baiskeli.

Jumamosi nilijifunga kitambaa cheusi mkononi. Nikajidanganya kwamba nacheza kwa ajili ya Rwiza, kwamba yeye mwenyewe angependa iwe hivyo. Kila kikapu nilichofunga nililitaja jina lake moyoni. Tukashinda! Nikabebwa juu juu, nalia, na wenzangu wakasema tazameni jinsi anavyompenda rafiki yake.

Jumapili nikadandia lori mpaka Nyaishozi. Nilimkuta mama yake amekaa kwenye nyasi walizotandika ndani kwa ajili ya msiba. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama. Nilicheza kwa ajili yake. Tumeshinda."

"Tulikungoja mpaka jua likazama," alisema. "Mjomba alituambia hutakuja, mimi nikakataa. Nikawaambia mwanangu huyo atakuja. Mvua ikanyesha, kaburi likaingia maji. Ndipo wakamzika."

Akavuta kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna wanachopewa wageni, akakisogeza mbele yangu kwa mikono miwili. Mimi! Niliyekuwa najichotea mwenyewe kwenye chungu chake bila kuomba!

"Karibu kahawa, jirani," alisema.

Nilitafuna. Sijawahi kutafuna kitu kichungu kama kile.

Sasa mimi ni mwalimu huko Kimuli. Shule ina mpira, lakini siugusi, na wanafunzi wanadhani sijui kucheza. Kila likizo napita kwa yule mama, namlimia, nampelekea sukari. Hanifukuzi. Anapokea, anashukuru, ananiombea safari njema. Lile neno mwanangu halijarudi mdomoni mwake.

Nyinyi mlio vyuoni, msimfanyie marehemu sherehe mahali ambapo hayupo. Ukiulizwa ni nani wako, mtaje, hata kama watakufukuza. Chuo kingine kipo. Mimi nimebaki na shikamoo yangu tu, nayo nikiitoa mlangoni pale naitikiwa vizuri kabisa: "Marahaba, jirani."