Kopo Lenye Picha ya Farasi

Ernesta alilizungusha kopo mkononi mara tatu na bado hakuona sababu ya kuliamini. Kusoma hakujui, lakini picha aliiona: mnyama mrefu, masikio mafupi, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Huyo si punda.

"Ni farasi," shemeji yake Malongo alimweleza. "Yeye na punda ni ndugu. Nimeagiza Mwanza. Unachanganya na pumba, kijiko kimoja kila asubuhi, uvimbe wa viungo unanywea."

Punda mwenyewe alisimama kando ya zizi, magoti ya mbele yamevimba kama maboga machanga. Ndiye aliyekuwa akimlisha Ernesta hapo Kaniha kwa kubeba maji na mahindi ya watu. Asipopona, hakuna kingine. Ng'ombe wa kulimia Malongo aliwachukua wiki ile ile alipozikwa kaka yake, mume wa Ernesta, akisema ni mali ya ukoo, na wazee wakakubali huku wanatafuna nyama. Wiki iliyopita Ernesta alipokwenda msibani kwao Mbuba, wilayani Ngara, alikosa wa kumwachia punda isipokuwa huyo huyo. Aliporudi siku ya sita akakuta magoti hayo. Malongo akasema punda aliteleza mtoni.

Sasa mtu aliyemnyang'anya ng'ombe anamletea lishe ya bei mbaya bila kuombwa.

Ernesta alileta kijiko. Kwao Ngara, anayeleta pombe ndiye anayetangulia kunywa, na wengine wanamtazama koo. Alichota unga ule, akamnyooshea.

"Onja."

"Shemeji, mimi nina magoti mazima," Malongo alicheka.

"Onja."

Malongo akalamba wote, akameza, akakunja uso, kisha akaachama kinywa ili akaguliwe. Ernesta akampa kigoda akae. Alimenya mihogo kikapu kizima akimtazama. Malongo hakutoka jasho, wala hakushika tumbo.

Hilo likamtisha Ernesta kuliko sumu. Sumu angeielewa. Huyu alitaka punda apone, tena upesi. Ana nini naye?

Malongo aliusifia unga, akaapa kwamba kufika Jumamosi punda atakuwa anakimbia, halafu akauliza, kama jambo dogo tu, iwapo siku hiyo angeweza kumwazima kwa safari mbili.

"Abebe nini?"

"Mahindi yangu kule bondeni. Gunia nne tu zilizobaki."

Kisu cha Ernesta kikasimama. "Zilizobaki katika ngapi?"

Malongo akaangalia kopo. Ernesta alimwendea punda, akayapekua manyoya ya mgongoni kwa vidole. Pale alipodhani nzi ndio waliomla palikuwa na michubuko miwili mipya, kulia na kushoto, upana wa kamba ya kufungia mzigo.

Alichanganya kijiko kimoja na pumba, akampa punda, naye akala hadi akalamba karai. Kopo akaliingiza ndani. Kisha akamfungua punda pale kando ya zizi, akamvuta polepole, akamfunga kwenye nguzo ya mlango wa nyumba yake.

Malongo alikuwa amesimama. "Sasa shemeji, na Jumamosi?"

Ernesta alirudi kwenye mihogo yake.

"Ni gunia nne tu," alisema. "Na wewe una magoti mazima."