Tulivyolingoja Lango la Pili

Plastiki ikipata moto hutoa harufu ya utamu unaochefua. Ichanganye na jasho la watoto kumi na wawili na vumbi la Nachingwea la mwezi wa tisa, utapata harufu ya kibanda cha gemu cha mjomba wangu Kasto. Kilikuwa chumba kimoja cha bati nyuma ya duka lake la vipuri vya baiskeli, chenye runinga ya zamani yenye mgongo mkubwa, mabenchi mawili yaliyokuwa ya kanisani, na mashine moja iliyochoka ambayo mjomba aliifunika kitambaa cha meza kila jioni kama anamfunika mgonjwa. Mchana vijana walicheza gemu la mpira humo kwa kelele ambazo nyumba ya tatu walizisikia. Sisi wa shule ya msingi tulikuja saa kumi, na saa kumi ilikuwa ya gemu moja tu. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu mno, tukaliita Lango. Mtu mmoja mwenye koti la kijivu, tuliyemwita Koti kwa kukosa jina lingine, alitembea katika miji isiyo na watu akipigana na mbwa na kuvuka madaraja mabovu, mpaka alipofika mbele ya lango la chuma. Lango likafunguka upana wa kiganja, mwanga ukatoka, kisha yakaja maandishi kwamba itaendelea. Itaendelea lini? Hakuna aliyejua. Tuliachwa pale tumekodoa macho kama watu waliopokonywa sahani mkononi.

Sasa mnajua mambo ya vibanda vyetu. Filamu bila mtafsiri hakai mtu. Lazima awepo mmoja mwenye kipaza sauti wa kusema kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na akiongeza chumvi kidogo hakuna anayemkatalia. Mjomba Kasto alitaka na gemu lake liwe hivyo, na macho yake yakaniangukia mimi, Tekla, mtoto wa mwalimu wa Kiingereza. Nilikuwa darasa la sita. Kiingereza nilikijua kweli, ila kwa mwendo wa kobe, na maandishi ya lile gemu yalipita kwa mwendo wa pikipiki. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza, wa tano ulikuwa umeshaondoka. Ningesema sijui? Weee! Mbele ya watoto wote wale, na mjomba ameshatangaza mtaa mzima kwamba ana mtafsiri? Nikatunga. Niliona Koti ana picha ya mwanamke mfukoni, nikasema anamtafuta mama yake waliyepotezana naye vitani. Nusu ya wale watoto walikuwa na bibi au babu aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akikimbia vita, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Walitulia tuli. Mjomba alinipa soda, na kuanzia siku ile nikawa mtu.

Aliyeshika pedi ya kuchezea alikuwa Somoe, rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na hatua ya mbwa hakuna mvulana aliyeivuka, yeye aliivuka. Kwao ni Lionja, lakini aliishi kwa shangazi yake jirani na sisi kwa ajili ya shule. Mama yake alikuwa amekwenda ng'ambo ya Ruvuma kuuza vitenge, na nilichojua mimi ni kwamba amekaa sana huko bila habari. Jioni moja Somoe alimfikisha Koti karibu na lango, akaokota karatasi iliyowekwa chini ya jiwe. Ile karatasi haikukimbia kama maandishi mengine. Ilikaa palepale ikisubiri mchezaji abonyeze. Kwa mara ya kwanza nilisoma kitu mpaka mwisho, na moyo ukanilipuka, kwa sababu kumbe nilikuwa nimekisia kweli. Ilikuwa habari ya mama yake Koti. Iliandikwa kwamba wamemzika masika, kushoto kwa lango, na kwamba asiendelee kumtafuta. Somoe akanigeukia, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe. "Inasemaje, Tekla?" Nikamwangalia usoni. Nikasema, "Inasema yuko hai. Yuko nyuma ya lango." Akabonyeza, karatasi ikatoweka, kibanda kizima kikapiga makofi. Wahenga walionya kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye lile benchi wakatazamwa na Somoe.

Wiki chache baadaye Dulla, mvulana wa kidato cha kwanza aliyekuwa akiiba muda kwenye simu ya kaka yake, aliingia kibandani anahema. Lango la Pili linatoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuanzia siku hiyo hatukuwa tena watoto wa mtaa mmoja. Kulikuwa na wenye imani na wenye shaka, na Dulla mwenyewe, mleta habari, akawa kiongozi wa wenye shaka. Alituonyesha picha ndogo kama stempu. Angalieni, hana koti! Amevaa shati la kijani! Wenye imani wakajibu kwamba lile si shati, ni kivuli. Kesho yake alikuja na jingine: waliolitengeneza la kwanza wameachishwa wote, wamewekwa wengine wasiomjua hata Koti ni nani. Mwingine akaapa kwamba amesikia Koti anakufa mwanzoni tu na nafasi yake inachukuliwa na msichana mwenye upinde. Watu waligombana mpaka wakanuniana shuleni. Mjomba Kasto, ambaye mashine yake isingeweza kulibeba gemu jipya, alikaa mlangoni akitafuna kijiti na kutuvunja moyo. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema. "Cha kwanza watu hukitoa moyoni. Cha pili wanakitoa tumboni, wameshaona mmeshiba wakataka mle tena."

Mimi nilikuwa na shaka kuliko wote, na shaka yangu sikuweza kumwambia mtu. Wao waliogopa Lango la Pili litakuwa baya. Mimi niliogopa litakuwa zuri, limfungue Koti mlango, na nyuma ya mlango pawe na kaburi. Jumapili kanisani nilipiga magoti nikamwomba Mungu huko linakotengenezwa kuzuke moto, watu wapone lakini gemu liungue. Halafu Somoe, loo! Kila tukirudi shule alikuwa na swali. Unadhani mama yake Koti amezeeka? Atamtambua kwa hilo koti? Watakula nini siku ya kwanza? Nilijibu, kwa kuwa uongo ukishaanza kulishwa hauachi kuomba chakula. Nikasema mama amezeeka kidogo, kwamba atamtambua kwa sauti, kwamba watakula ugali kwa kunde. Somoe alicheka kuhusu kunde.

Msimu wa korosho ukafika, malipo ya kwanza yakatoka, na mambo yakaanza kwenda mbio. Habari ikaja kwamba mtu mmoja Ruangwa amefungua ukumbi, ana mashine mpya, na Lango la Pili analo. Mjomba Kasto alinuna siku mbili. Siku ya tatu akakodi gari, Noah, akasema Jumamosi anatupeleka, maana hawezi kukubali watu wa Ruangwa walione kabla ya watoto wake. Ijumaa usiku nikajifanya nina malaria. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema, "Huna homa wewe. Una jambo." Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Asubuhi akanifungia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko, akanitoa mlangoni. Humo garini tulibanana kumi na moja, na njia nzima mabishano hayakukatika: koti au shati, Koti au msichana wa upinde. Mikorosho ilipita dirishani, na mihogo yangu waliila wengine.

Ukumbi wa Ruangwa ulitutia aibu. Feni, sakafu ya vigae, runinga pana na nyembamba ukutani. Na mtafsiri walikuwa naye wao, kijana wa Likunja aliyemaliza kidato cha nne, amekaa na kipaza sauti chake kwa utulivu wa mtu anayejua kazi. Wageni tulipewa pedi kwanza, na bila kujadili tukamsukuma Somoe mbele. Gemu likafunguka. Koti akatokea. Ana koti! Koti lenyewe la kijivu, limechanika kwenye bega! Wenye imani wakarukaruka, Dulla akashika kichwa kwa mikono miwili, mjomba mwenyewe akapiga kofi paja lake. Nami nikafurahi, nawaambia, kwa pumzi mbili au tatu nilisahau kila kitu. Kisha gemu likaanza kukumbusha yaliyopita: mbwa, daraja, jiwe. Na chini ya jiwe, karatasi. Kijana wa Likunja akasoma kwenye kipaza sauti bila haraka: "Mama yako tulimzika masika, kushoto kwa lango. Usiendelee kumtafuta."

Watoto wa Nachingwea walilipuka. Muongo! Mtafsiri feki! Mpeni mwingine! Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Dulla, yule yule wa shaka, amesimama juu ya kiti. "Mama yake yuko hai! Tekla wetu alisoma mwaka huu huu!" Watu wa Ruangwa wakaangua kicheko. Kijana wa watu akaudhika, na alikuwa na haki, akanyoosha kipaza sauti akasema basi aje huyo Tekla wenu asome yeye. Mjomba Kasto alinitazama, uso wake umejaa fahari, akanisukuma mgongoni taratibu. Afadhali angenipiga kofi. Karatasi ilikuwa bado kwenye skrini, herufi kubwa kuliko za kule kwetu, haziendi popote mpaka mtu abonyeze. Somoe hakugeuka. Nilikiangalia kidole chake nikaomba kibonyeze. Bonyeza, Somoe. Bonyeza tu, iondoke, nitasema nimeshindwa kuona. Hakubonyeza. Akasema, huku amenipa mgongo, "Soma, Tekla. Yote."

Nikasoma. Tulimzika masika. Kushoto kwa lango. Usiendelee kumtafuta. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikawa si yangu. Nilipomaliza nilisikia feni. Halafu Dulla akasema, "Kumbe!" akashuka kwenye kiti, na watu wa Ruangwa wakacheka tena, na kwa miaka wakatuita watoto wa kufufua wafu. Mjomba aliangalia vigae. Somoe akabonyeza. Akamwingiza Koti langoni, akamgeuza kushoto, akamfikisha kwenye rundo la mawe. Gemu lilikuwa na kitufe cha kupiga magoti. Akakibonyeza, akamwacha Koti amepiga magoti pale, muda mrefu, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika.

Nje, nyuma ya Noah, nilimfuata nikilia. Nilimwambia anisamehe, kwamba nilimfikiria mama yake yeye mwenyewe, sikutaka akate tamaa. Somoe hakulia. Alisema, "Mama yangu alikufa, Tekla. Shangazi aliniambia likizo ya mwezi wa sita, tukafanya matanga Lionja. Sikukwambia kwa sababu sikutaka unitazame hivyo unavyonitazama." Akafuta vumbi kwenye kioo cha gari kwa kidole. "Wangu nilijua harudi. Nilitaka wa Koti arudi." Akaingia garini akakaa mbele, karibu na dereva. Mpaka shule zinafungwa tulikaa dawati moja bila kusemeshana.

Siku hizi kibanda cha mjomba ni stoo ya matairi. Watoto wa Nachingwea wanacheza kwenye simu, na simu ile ile inawatafsiria kila neno, hata yale ambayo ni afadhali wasingeyajua. Mtoto anautazama mwisho wa gemu kabla hajalicheza mwanzo, na shaka anayo tayari, ameipata kwa watu asiowajua. Siwaonei wivu, wala siwacheki. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya huku kwetu. Madaktari vijana wanaletwa kutoka mbali, na wazee wengi Kiswahili chao ni cha sokoni tu, hivyo mara nyingi mimi ndiye ninayesimama katikati na Kimwera changu. Daktari anasema jambo zito, kisha wote wawili wananitazama. Kuna sekunde moja pale ambayo naifahamu vizuri mno. Nasema kilichosemwa, na mgonjwa namshika mkono.

Mwezi uliopita lilitangazwa Lango la Tatu, na mabishano yameanza upya, sasa kwa watu wazima wenye vitambi. Somoe anafundisha shule ya msingi Matambarale, na somo lake ni Kiingereza, anakijua kunizidi mara kumi. Tulipatana zamani, ni mama mdogo wa wanangu. Hata hivyo alinipigia simu. "Umeliona tangazo?" Nimeliona. "Nisomee." Nikamsomea neno kwa neno, pamoja na pale panaposema kwamba Koti hatakuwepo. Nikasikia watoto wa shule yake wakicheza nje.

"Umeruka kitu?" akaniuliza.

"Sijaruka."

"Haya," akasema. "Rudia tena."