Alama za Mgongoni Mwa Baudouin

Asubuhi hii, nje ya chumba cha maiti hapa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, hakuna anayelia. Watu wanagombana.

"Balimupiga! Angalieni mugongo yake!" anafoka Nkulu, mchuuzi wa samaki kutoka Kashikishi. Anamnyooshea kidole Gaëlle, mjane wa mdogo wake Baudouin. Majirani walimsikia akizozana na mumewe jana.

Mwanamke mmoja mwenye glavu anaingia katikati yao, akimwita Nkulu kwa heshima ya ndugu mkubwa. "Yaya, tulia. Musimuoshe bado. Docteur amuone kwanza."

Huyo ni Cadette Ilunga, mhudumu wa maiti. Alivuka Ziwa Mweru kutoka Kongo mwaka 2017 na kupokelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kenani. Leo anasema Kibemba na polisi, Kiswahili na wafiwa Wakongo, na akikunja uso wote hunywea, mimi niliyekuja kuandika habari zake nikiwemo.

"Banaosha juu ya mapendo," ananiambia, yaani ndugu huosha kwa upendo. "Lakini alama zinaenda na maji."

Daktari Mpundu anaupasua mwili. Baudouin alikutwa chali, kisogo kikiwa na jeraha. Kumbe jeraha limeishia kwenye ngozi, fuvu ni zima, na mikono haina dalili ya kujikinga. Damu imevuja ndani kabisa ya ubongo, na moyo umetanuka kwa presha ya miaka mingi. Ni kiharusi. Kilimwangusha, ndipo akajigonga.

Na alama za mgongoni? Cadette anamweleza Nkulu polepole. "Mutu akikufa, damu inashuka upande analalia. Haiko fimbo."

Yeye na daktari hawatetei watu ovyo. Mwezi uliopita ndugu wa marehemu mwingine walisema ni presha tu. Uchunguzi ukaonyesha alinyongwa, na polisi wamemshika mtu.

Nkulu anakaa chini na kulia kwa mara ya kwanza. Kisha anamwita shemeji yake, mjane. "Mulamu, kuya. Unisamehe. Utakaa karibu ya kichwa yake," anasema, akimpa nafasi ya mjane msibani.

Cadette anageukia ukuta. Baba yake alianguka hivyo hivyo huko Pweto, ng'ambo ya ziwa, akazikwa bila kuchunguzwa. Mama yake aliitwa muuaji na kufukuzwa kaburini.

Mwezi ujao atakwenda kijiji cha Kafutuma kuwafundisha akina mama wa kanisa wanaoosha maiti kuzitambua alama kabla ya maji. Atakwenda na mama yake.

"Mpaka leo ananiuliza: 'Mutoto yangu, pengine ni miye nilimuua?'" anasema. "Lakini Gaëlle, yee leo atalala."