Mbweha Aliyevalishwa Kama Maiti

Saa moja asubuhi, Fumiyo Wakisaka analowesha karatasi kwa brashi pana, anaibandika kingo zake kwenye ubao, kisha anakaa kuisubiri ikauke. Akiitia rangi kabla ya wakati, itajikunja na kazi yote itaharibika. Chini, dukani, dada yake Sumie anakata tofu, jibini la maharage ya soya, huku akiongea na wateja kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

"Wewe, amka! Wenzako tumeshauza nusu ya tofu," Sumie anaita kutoka ngazini.

"Nimeamka, dada. Karatasi ndiyo imelala."

Fumiyo ana miaka sitini na mitatu, na mjini Matsue, Japani, wengi wamekua wakitazama wanyama aliowachora vitabuni. Lakini miaka mitatu iliyopita ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimziba macho yote mawili. Alipasuliwa, akaambiwa amepona, ila wachapishaji walikuwa wameacha kupiga simu. Akashuka dukani kuosha maharage ya soya.

"Nilijiambia ndiyo basi tena," anasema. "Na dada yangu si bosi wa kumtamani."

Mwaka jana mchapishaji mmoja mdogo alimpa hadithi ya mtoto wa mbweha anayekwenda kumwona bibi yake kwenye theluji. Fumiyo alimvalisha mbweha kimono, joho la Kijapani la kukunjwa kifuani, akachora majira yote ya baridi. Mhariri wake, Bwana Hidaka, alipokuja, akazipanga picha sakafuni na kuzipitia moja moja.

"Mwalimu," akasema mwishowe, kwa heshima wanayopewa wasanii, "mbona mtoto anarudi nyuma?"

Hadithi ilikuwa ya mistari ya kusimama, maandishi yakishuka kutoka juu hadi chini, na kitabu cha namna hiyo hufunguliwa kutoka kulia, msafiri akielekea kushoto kurasa zinakokwenda. Fumiyo aliambiwa hivyo tangu mwanzo. Ila kwa miaka mingi alikuwa amechora vitabu vya mistari ya kulala, vinavyokwenda kinyume chake, na mkono ukafuata mazoea. Mbweha alikuwa anaelekea kulia kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

"Nilitamani sakafu ipasuke inimeze," anakumbuka.

Wiki iliyofuata Hidaka alirudi na picha zilizogeuzwa kwa kompyuta, kama zionekanavyo kwenye kioo. Mbweha sasa alielekea kwa bibi yake. Fumiyo akashusha pumzi. Sumie, aliyepanda kuwaletea chai, akachungulia, akaweka birika chini.

"Nani kafa?" akauliza.

Kimono ya aliye hai hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni kwa maiti peke yake. Kompyuta ilikuwa imegeuza na mavazi, na mtoto wa mbweha alikuwa anamwendea bibi yake akiwa tayari kwa jeneza.

Muda wa kuchora upya picha zote haukuwepo. Mtambo wa kuchapa ulikuwa unangoja. Njia ilikuwa moja, kuchora upya ukosi unaopishana kifuani peke yake katika kila picha. Ukosi wenyewe mdogo kama ukucha, na hapo ndipo Fumiyo alipoogopa. Alimwomba Hidaka atafute kijana mwenye macho mazima.

"Mkono wa mtu mwingine utaonekana tu," Hidaka akajibu. "Mimi mwenyewe nitauona, Mwalimu. Nilikuwa nalala na vitabu vyako kitandani nikiwa mdogo."

Sumie alifunga duka mapema, akavaa kimono yake ya sherehe na kuketi mbele ya mdogo wake ili auone mkunjo.

"Tulia, dada."

"Nimetulia. Anayetetemeka ni wewe."

Ukosi wa kwanza uliharibika, na wa pili pia. Kwenye wa tatu, Fumiyo aliona uzi mwembamba wa mshono kwenye ukosi wa dada yake. Akauchora. Kisha akaweka brashi chini, akalia kwa furaha.

"Macho yalipona zamani," anasema. "Mimi ndiye sikuyaamini."

Kitabu kimetoka, na Hidaka ameshaomba kingine. Zamani, macho yalipoanza kufifia, Fumiyo aliwachora watu kwa mbali, wakiwa wamegeuza migongo. Sasa anataka kitabu cha nyuso peke yake za watu wa duka la tofu, kila uso ukijaza ukurasa. Uso wa kwanza utakuwa wa Sumie.

"Na mikunjo yote hii utaichora?" Sumie anauliza, akijishika shavu.

"Yote, dada. Naiona."